UZI: Sheria za uchaguzi za 2024, wataalamu wa nje waliandika, walishauri, au walikunywa chai tu?

#1 MwishoWaReli (Kigoma)
Wakuu, salaam. Hapa mtaani Mwanga ubishi hauishi. Upande mmoja unadai zile sheria tatu za 2024 zimeandikwa na Umoja wa Mataifa, wetu wakapiga muhuri. Upande wa pili unasema hakuna mgeni aliyegusa hata nukta. Mimi nadai pande zote mbili zimekosea, ila siwezi kuonyesha zimekosea wapi.

Wajuzi nisaidieni kwa hatua, siyo kwa hasira: msaada wa kiufundi wa sheria ya uchaguzi unaombwa na nani, mtaalamu akifika anashika nini mkononi, anaachia wapi? Na la pili: msaada huu haukuanza jana, mbona malalamiko ni yale yale?

#2 Mgebuka Mkavu
Natandika mkeka. Mwenye kahawa asogee.

#3 KifunguKidogo (Tabora)
Mleta uzi, tuanze mlangoni. Umoja wa Mataifa haujileti, na hauji kwa barua ya chama au asasi. Linatakiwa ombi la maandishi la serikali au la chombo cha uchaguzi cha nchi, la sivyo pawe na uamuzi wa Baraza la Usalama au Baraza Kuu. Mzizi wake ni azimio 46/137 la Baraza Kuu, Desemba 1991. Ombi linakwenda New York kwa mkuu wa idara ya siasa na ujenzi wa amani, na yeye ndiye mwenye ndiyo au hapana. Kabla hajajibu anatuma watu wa kutathmini mahitaji. Hao wanakaa na Tume ya Uchaguzi, wizara, vyama, asasi na balozi, kisha wanaandika: tusaidie hiki, kile tusiguse. Hapo ndipo UNDP, shirika lao la maendeleo, inafungua mradi. Kwetu mmojawapo uliitwa DEP, ulianza 2013, na kabla yake ulikuwepo wa uchaguzi wa 2010.

Mradi ukishafunguka zinaandikwa hadidu za rejea (maelezo ya kazi) na kutafutwa mshauri elekezi. Zao lake kuu siyo muswada, mara nyingi ni jedwali linganifu. Linalofaa lina safu tano: kifungu kilivyo sasa, wajibu wa nchi kimataifa (hapa ni Ibara ya 25 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao 1976), tatizo lenyewe, pendekezo, na safu ya mwisho: nani mwenye mamlaka ya kubadili. Je, ni Katiba, sheria, kanuni, au mwongozo wa Tume? Hiyo safu ya tano ndiyo roho ya kazi nzima. Jedwali lisilo nayo ni karatasi ya kufungia karanga.

#4 Mzalendo wa Gungu
Mbona hao hao mwaka 2015 tuliwaona na vizibao vituoni wakiandika andika? Ndio wanaotunga sheria?

#5 KifunguKidogo
Hapana #4, hao ni waangalizi, kazi nyingine kabisa. Mwangalizi haruhusiwi kukusaidia, anatazama na kutoa ripoti. Mtoa msaada wa kiufundi yuko ndani ya jiko na hatakiwi kutoa hukumu hadharani. Wa 2015 wa Umoja wa Ulaya waliacha mapendekezo, likiwemo la mgombea binafsi na la kuruhusu matokeo ya urais kupingwa mahakamani. Mapendekezo ya namna hiyo baadaye huingia kwenye safu ya tatu na ya nne za lile jedwali. Uhusiano wao unaishia hapo.

#6 Asali ya Sikonge
Maelezo mazuri, lakini umepita mbio penye fedha. Hadidu za rejea anaziandika nani? Fedha za wahisani mara nyingi zinakusanywa kwenye mfuko wa pamoja unaosimamiwa na UNDP, na juu yake inakaa kamati ya uongozi yenye Tume na wafadhili. Mshauri analipwa kwa vipande: ripoti ya kuanzia, rasimu, warsha ya kuthibitisha, ripoti ya mwisho. Sasa tazama kinachoharibika. Malipo yanafuata karatasi, hayafuati sheria kupita. Ripoti ikipokelewa, mkataba umekwisha. Muswada unaweza kwenda Baraza la Mawaziri miezi kumi baadaye na mtu aliyejua kwa nini kifungu fulani kiliandikwa vile ameshahamia nchi nyingine. Kwa hiyo swali la pili la mleta uzi jibu lake ni kalenda ya malipo. Tusiende mbali.

#7 Mtu wa Ujiji
#6 kila kitu kwako ni hela. Ndiyo maana asali yenu mnaichanganya na sukari.

#8 Asali ya Sikonge
Na dagaa wenu mnawapimia pamoja na mchanga. Tuendelee.

#9 Kalamu Nyekundu
Ngoja niongeze nani anashika kalamu yenyewe, maana ndiyo hoja ya Mwanga. Mapendekezo, yatoke kwa mgeni au kwa kikosi kazi cha ndani (kile cha Profesa Mukandala kilikabidhi ripoti kwa Rais Oktoba 2022), hayawi sheria mpaka yapite njia hii: wizara inaandaa waraka wa Baraza la Mawaziri, ukikubaliwa, Mwandishi Mkuu wa Sheria anaandaa muswada, unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali ukiwa na madhumuni na sababu, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kamati ya kudumu, wadau wanaitwa, unarudi kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima inapita kifungu kwa kifungu na jedwali la marekebisho mkononi, mara ya tatu, saini ya Rais, tangazo la kuanza kutumika.

Miswada ile ilisomwa mara ya kwanza Novemba 2023, kamati ikapokea maoni Januari 2024, Bunge likapitisha Februari, na sheria zikaanza kutumika tarehe 12 Aprili 2024. Mgeni hana kiti kwenye hatua hata moja kati ya hizo. Anaweza kuwa amemnong'oneza mtu kabla ya hatua ya kwanza, au ameandika maoni yaliyopelekwa kamati na mdau wa ndani. Basi.

Ila kuna shimo ambalo watu wa nje hawalioni. Misamiati yao yote ni ya Kiingereza, na tangu marekebisho ya 2021 lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Miswada hii iliandikwa kwa Kiswahili. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53 inatenganisha neno la hiari na neno la lazima. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Kwa Kiswahili lazima inabebwa na kiambishi cha wakati ujao: "Tume itateua". Ni amri hiyo au ni taarifa ya kitakachotokea? Mwanasheria atakuambia ni amri. Mwananchi kijijini Kalya akisomewa anasikia ahadi. Mshauri akipendekeza lazima, rasimu ikatoka na "inaweza", sentensi inasikika laini na hakuna anayeshtuka ukumbini. Dawa yake ni ya kifundi tu: andika "itakuwa na wajibu wa", weka siku, na weka nini kitatokea zikipita. Kifungu cha wajibu kisicho na siku wala matokeo ni shairi.

#10 Mgebuka Mkavu
"Kifungu cha wajibu kisicho na siku wala matokeo ni shairi." Hii naiandika kwenye mtumbwi.

#11 Nduguye Liemba (Kigoma)
Nyote mnazunguka dari bila kuligonga. Ibara ya 74 ya Katiba ya 1977 ndiyo inayoiunda Tume na kumpa Rais uteuzi wa wajumbe. Ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza kazi zake. Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa mgombea aliyetangazwa kuwa Rais. Mlete mtaalamu wa Stockholm, wa Warsaw, wa Johannesburg, akiwa kazini kwenye sheria ya kawaida hawezi kupita hapo. Sheria Na. 2 ya 2024, ile ya Tume Huru ya Uchaguzi, imeweka Kamati ya Usaili chini ya Jaji Mkuu ili wajumbe wapatikane kwa kuomba na kusailiwa. Ni hatua, sikatai. Lakini anayeteua mwishoni ni yule yule wa Ibara ya 74. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema Julai 2020, shauri la Jebra Kambole, kwamba 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ibara ipo mpaka leo. Hapo #6 atasema tatizo ni kalenda ya malipo?

#12 Mzalendo wa Gungu
Kwenye la wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi, mahakama si ilishakataa 2019? Mbona bado wapo?

#13 KifunguKidogo
Nusu ya habari, #12. Mahakama Kuu ilikubaliana na mwanaharakati Bob Chacha Wangwe, aliyefungua shauri hilo, Mei 2019. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikapindua. Shauri likapelekwa Arusha, na Juni 2023 Mahakama ya Afrika ikaona ukiukwaji. Sheria Na. 1 ya 2024, ile ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, haimtaji tena mkurugenzi kuwa msimamizi moja kwa moja, inazungumzia watumishi wa umma waandamizi. Ukiniuliza tofauti iko wapi, nitakuuliza: mkurugenzi wa halmashauri siyo mtumishi wa umma mwandamizi? Maandishi yamebadilika, mlango ni ule ule. Hapa ndipo mshauri mzuri anatofautiana na wa warsha. Mzuri anaandika sifa ya kumzuia mtu (asiwe aliyeteuliwa na mamlaka fulani, asiwe amewahi kugombea ndani ya miaka kadhaa), wa warsha anaandika sifa ya kumruhusu. Sifa ya kuruhusu daima ina tumbo kubwa.

#14 Mtu wa Ujiji
Sisi wa ziwani tuna mfano jirani. Kongo 2006 ilipata msaada mkubwa wa kimataifa wa uchaguzi, pamoja na sheria ya uchaguzi ya Machi 2006 juu ya Katiba mpya, rais akichaguliwa kwa duru mbili. Januari 2011 Katiba ikarekebishwa, duru ya pili ikafutwa, uchaguzi ukafanyika Novemba ya mwaka ule ule. Miezi kumi. Mafundi waliojenga nyumba walikuwa bado wako mjini wakati paa linaezuliwa.

Burundi ya 2005 iko tofauti. Pale mgawo uliwekwa ndani ya Katiba: Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, wanawake wasipungue asilimia 30, na viti vitatu vya Watwa. Kura zikishahesabiwa, kama uwiano haukutimia, unafanyika uteuzi wa nyongeza mpaka utimie. Mambo ya hesabu kama hayo ndiyo mtaalamu wa nje anafaa kweli: fomyula ikikosewa neno moja, viti vinakuja pungufu.

#15 Asali ya Sikonge
Na Kenya je? Tume ya Jaji Kriegler ya 2008, iliyochunguza uchaguzi wa Desemba 2007 uliozua vurugu, ilikuwa na wageni ndani yake. Matokeo yake Katiba ya 2010, tume mpya ya uchaguzi (IEBC) 2011, na Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Wageni walifanya kazi ikaonekana.

#16 Nduguye Liemba
#15 unanisaidia bila kujua. Kriegler hakufanya kazi kwa sababu ni mgeni wala kwa sababu ya ufundi. Alikuja baada ya nchi kuungua, kukiwa na makubaliano ya kisiasa, na milango ya Katiba ilikuwa wazi. Ondoa hayo matatu, ripoti yake ingekaa kabatini na nyingine.

#17 Kalamu Nyekundu
Sikubaliani moja kwa moja. Malawi wamefuta matokeo Februari 2020 bila Kriegler yeyote. Mahakama ilifuta kwa sababu ya kasoro nyingi, na kwa uchaguzi wa marudio ikasoma upya neno moja, "wingi", ikasema maana yake ni zaidi ya nusu ya kura. Neno moja, wakuu! Halafu mtu aniambie kalamu si kitu.

#18 Mzee wa Isevya (Tabora)
Vijana mnazungumza kana kwamba haya yameanza 1992, vyama vingi viliporudi. Sheria ya uchaguzi yenye mkono wa wageni ilijadiliwa hapa hapa Tabora. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na ujumbe wao uliotutembelea 1954 ulipendekeza ratiba ya kwenda kwenye uhuru. Waingereza wakaleta kura tatu: mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Na kuandikishwa ilitaka elimu ya darasa la nane au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa fulani. TANU walikutana Tabora wakabishana wasusie au waingie.

#19 Mzalendo wa Gungu
Mzee shikamoo. Hiyo ilikuwa 1959, na walisusia.

#20 Mzee wa Isevya
Marahaba. Hapana mwanangu. Mkutano ulikuwa Januari 1958, na waliamua kuingia. Ndiyo maana ukaitwa Uamuzi wa Busara. Aliyekataa ni Zuberi Mtemvu, akatoka akaanzisha chama chake. Uchaguzi wenyewe ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, huenda ndipo ulipochanganya. Waliingia na sheria mbovu, wakaitumia. Wale Wazungu na Waasia wa lazima, TANU ikawaunga mkono waliokubaliana nayo.

#21 Mgebuka Mkavu
Kwa hiyo Tabora mnadai na hili? Embe zenu, reli yenu, shule ya Mwalimu yenu, sasa na sheria ya uchaguzi. Tuachieni hata ziwa.

#22 Asali ya Sikonge
Mnalo, na daftari mmepewa. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024.

#23 MwishoWaReli
Ahsanteni, nimechota mengi. Kwa kuwa daftari limetajwa: huo nao ni msaada wa kiufundi? Au hiyo ni vifaa tu?

#24 KifunguKidogo
Swali zuri kuliko la kwanza. Kifaa kinaburuta sheria nyuma yake. Ukileta mashine ya alama za vidole, lazima sheria iseme: mtu asiye na vidole vinavyosomeka anaandikishwaje, aliyejiandikisha mara mbili anaondolewa kwa utaratibu gani na anajulishwa vipi, siku ngapi za kuweka wazi daftari, siku ngapi za pingamizi, nani anasikiliza rufaa. Mwaka 2015 mashine zilikuja, uandikishaji ukachukua muda kuliko ratiba, na kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa Aprili 30 ikaahirishwa. Sheria ya kura ya maoni ilikuwepo tangu 2013. Kilichokwama ni betri, kadi na siku.

Halafu kuna jambo watu wa Tabora tunalijua vizuri. Sheria iliyobadilisha daftari la Ulyankulu haikuwa ya uchaguzi hata kidogo. Ilikuwa ya uraia. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 takriban 162,000, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia kwa mpango ulioungwa mkono na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Anayetafuta mkono wa kimataifa kwenye kura za ukanda huu asome Sheria ya Uraia kabla ya Sheria ya Uchaguzi.

#25 Mtu wa Ujiji
Hapo #24 umegusa penye kidonda. Ukanda huu pingamizi la uraia ndilo silaha ya kwanza. Mtu ana jina la Kiha, bibi yake kazikwa Manyovu, anawekewa pingamizi aonekane Mrundi. Sheria inaruhusu pingamizi, sawa, lakini mzigo wa kuthibitisha uwe kwa anayepinga, na aweke dhamana inayopotea akishindwa. Bila hayo mawili pingamizi halina gharama, na kitu kisicho na gharama kinatumika hovyo.

#26 Kalamu Nyekundu
Na kwenye uteuzi ndivyo hivyo hivyo. Watu wanapigania sheria, mchinjo unafanyika kwenye kanuni na fomu. Wagombea wa serikali za mitaa 2019 walienguliwa kwa wingi kwa sababu ya ujazaji wa fomu: kifupi cha jina la chama, jina la kijiji, muhuri. Mshauri wa nje mara nyingi hafiki kwenye fomu, maana kanuni zinatoka sheria ikishapita na mkataba wake umeisha (#6 hapo nakupa haki yako). Kifungu kinachohitajika ni kifupi: sababu za kumwengua mgombea ziwe hizi zilizoorodheshwa tu, na kosa la kuandika linaloweza kusahihishwa, msimamizi ampe mgombea saa 24 alisahihishe. Mistari miwili.

Ila tuwe waungwana, la kupita bila kupingwa limefanyiwa kazi. Sheria ya 2024 inataka mgombea pekee naye apigiwe kura ya ndiyo au hapana.

#27 Nduguye Liemba
Uchaguzi wa serikali za mitaa uko TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa, hata hivyo, siyo Tume. Novemba 2024 tumeona. Sheria Na. 2 inaitaja Tume kwenye uchaguzi huo, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine ya Bunge. "Utakaowekwa." #9 angesema ni shairi.

#28 Asali ya Sikonge
Nirudi kwenye muda, maana hakuna aliyeugusa sawasawa. Tume ya Venice, chombo cha Baraza la Ulaya, iliandika 2002 kwamba mambo matatu yasibadilishwe ndani ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi: mfumo wa uchaguzi, wajumbe wa tume, na mipaka ya majimbo. ECOWAS 2001 wao wakaweka miezi sita, isipokuwa wengi wa wadau wa siasa wakubali. Sheria zetu zilianza Aprili 2024, uchaguzi ulikuwa Oktoba 2025. Hapo tulipita. Lakini Februari 2025 Tume ilifungua maombi ya kugawa majimbo. Hilo ni jambo la tatu kwenye orodha.

#29 Kalamu Nyekundu
Venice haitufungi, sisi siyo wanachama. ECOWAS ni Afrika Magharibi. Ukiandika hivyo kwenye jedwali, Mwandishi Mkuu wa Sheria anakukatia mstari mwekundu, na ana haki.

#30 Asali ya Sikonge
Sijasema inafunga. Nimesema ni kipimo.

#31 MwishoWaReli
Kwenye kugawa majimbo nina hesabu. Sensa ya 2022: Kigoma 2,470,967, majimbo 8. Tabora 3,391,679, majimbo 12. Kwetu jimbo moja ni wastani wa watu 309,000, kwao 283,000. Tunadai jimbo.

#32 Mgebuka Mkavu
Huu ndio uzi wenyewe sasa. Mengine yote yalikuwa utangulizi.

#33 KifunguKidogo
Pole pole. Kipimo cha Venice hicho hicho kinasema tofauti na wastani isizidi asilimia 10, na isivuke 15 ila kwa sababu maalumu. 309 na 283 ziko karibu mno, mkishtaki mtashindwa. Tena wastani wa mkoa unaficha. Linganisha jimbo kwa jimbo: Kigoma Kusini inayoshuka mpaka Kalya, sehemu nyingine hufiki bila boti, siyo sawa na Kigoma Mjini hata idadi zikilingana. Hiyo ndiyo sababu maalumu. Pelekeni ramani, idadi ya watu kwa kata na umbali kwa kilomita. Msipeleke wastani.

#34 Mtu wa Ujiji
Na mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa lini?

#35 MwishoWaReli
Ulikuwa Machi 2025, tujiandae na mara ijayo. Mwenye takwimu za sensa kwa kata za Uvinza aziweke hapa, kuanzia Nguruka.